Kumpeleka mtoto Fort Jesus kutoka Uganda: mwongozo kamili wa familia

Kila likizo ya Desemba inapokwisha, wazazi wa Kampala, Jinja na Mbale huniletea malalamiko yanayofanana. Wamesafiri hadi Mombasa, wamelipa kiingilio Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno ambayo sasa ni makumbusho, na baada ya dakika 20 watoto wameanza kulia. Wanataka maji, wanataka kukaa, wanataka kurudi ufukweni. Mzazi anatoka amevunjika moyo, akiamini kwamba wanawe hawapendi makumbusho.

Nayajua hayo kwa mwili wangu. Mara ya kwanza niliwapeleka wanangu watatu siku ile ile tuliyoshuka kwenye basi, saa sita mchana. Mdogo alilala begani kwangu tangu langoni. Mkubwa, alipoulizwa na jaja yake (bibi au babu) ameona nini, alijibu neno moja: "Mawe." Iliniuma, maana ndani ya mawe yale mlikuwa na vitu vya merikebu iliyozama, mizinga na michoro ya mabaharia, na mwanangu alipita karibu na vyote hivyo bila kuviona. Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, na hatua hizi ndizo zilizotufaa.

Kosa karibu kila mara ni lile lile: mtoto anaingizwa amechoka, jua likiwa kali, na hana kazi yoyote ya kufanya humo ndani. Hatua zote zifuatazo zinatibu mambo hayo matatu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya safari

- Pasipoti ya kila mtoto, au hati nyingine ya kusafiria iliyokubaliwa na ofisi ya uhamiaji
- Nakala ya cheti cha kuzaliwa
- Kadi ya manjano ya chanjo
- Daftari dogo na penseli mbili kwa kila mtoto (kalamu ya wino huvuja kwenye joto)
- Chupa ya maji ya kila mmoja, yenye jina lake
- Kofia pana, na viatu vya kufunga visivyoteleza
- Leso mbili: ya kukalia na ya kujifunika
- Vitafunio vikavu: karanga, kabalagala (vikeki vya ndizi), biskuti
- Dawa ya kufukuza mbu kwa ajili ya jioni
- Tochi ndogo

Viatu nimeviweka kwa makusudi. Ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo yakilika hubaki na ncha kali, na yakilowa huteleza. Kandambili zinafaa ufukweni tu.

Daftari usiliache hata kama begi limejaa. Punguza nguo kwanza.

## Hatua ya 1: Maliza mambo ya mpakani ukiwa bado nyumbani

Raia wa Uganda hahitaji viza kuingia Kenya, na mtu mzima anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mpango wa Uganda, Kenya na Rwanda ulipoanza mwaka 2014. Mtoto ndiye anayekwama, kwa kuwa hana kitambulisho hicho. Pasipoti ya Afrika Mashariki ndiyo itakayokupa amani mpakani, Busia au Malaba.

Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Afisa akiuliza usiku wa manane, huku basi zima linakusubiri, utashukuru kuwa nayo.

Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho. Kadi yake ni ya maisha, ihifadhi vizuri.

Umefaulu ikiwa: karatasi zote ziko kwenye mfuko mmoja wa plastiki, na mfuko huo uko kwako, si kwenye buti ya basi.

## Hatua ya 2: Fanyeni mazoezi Uganda

Mtoto ambaye hajawahi kuingia makumbusho hajui afanye nini akifika. Atakimbia, atagusa, au atakaa chini. Mfundishe karibu na nyumbani.

Nendeni Uganda Museum pale Kitante, Kampala, kwa saa moja tu. Mpe kila mtoto kazi ya kuchagua kitu kimoja, akichore, kisha akueleze kilitumika vipi. Kisha tokeni, hata kama hamjamaliza vyumba. Unamzoesha kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu, na hilo halitaki kupita kila chumba.

Siku nyingine nendeni ziwani: Ggaba, Nakiwogo, au mwalo (kituo cha mitumbwi) wowote ulio karibu nanyi. Mwonyeshe mtumbwi ukitolewa majini. Mwambie kwamba mitumbwi mikubwa ya zamani ya Buganda na visiwa vya Ssese ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, bila misumari. Pwani nako kulikuwa na chombo cha kushonwa, mtepe, ambao mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Watu wa ziwani na wa baharini, wakiwa mbali hivyo, walishona vyombo vyao. Mtoto aliyeijua ya Ssese akikuta picha au mfano wa mtepe atausogelea mwenyewe, bila kuvutwa mkono.

Usimpe hotuba ya historia siku hiyo. Mtumbwi na nyuzi vinatosha.

## Hatua ya 3: Chagua siku kwa kutazama mwezi

Hatua hii wazazi wengi wanairuka, nami naiona kuwa bora kuliko zote.

Mtoto wa Nalubaale (Ziwa Victoria) anajua maji makubwa, lakini hajawahi kuona maji yanayoondoka. Ziwa letu halipwi wala halijai kwa namna ya kuonekana kwa macho. Mombasa bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa zaidi, tofauti ya kina hupita mita 3, yaani zaidi ya urefu wa mlango wa nyumba. Makumbusho ya mambo ya bahari hayaeleweki bila jambo hili. Nahodha wa jahazi hapangi safari kabla ya kujua maji.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati yake ni siku za maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Basi tazama kalenda ya mwezi na panga ziara siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Siku hizo, kwa kawaida, maji ya Mombasa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mkiingia ngomeni saa mbili, mtayaona maji yakiondoka mkiwa humo humo.

Tahadhari: saa hizo husogea kiasi cha dakika 50 kila siku. Uliza mvuvi au mhudumu wa mahali mlipolala, "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Watu wa pwani hulijibu swali hilo kwa furaha.

Umefaulu ikiwa: unajua, kabla hujakata tiketi, siku ya ziara ni bamvua au maji mafu.

## Hatua ya 4: Safari, kisha siku nzima ya kupumzika

Kutoka Kampala hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Mimi napenda kuikata Nairobi: basi hadi hapo, kulala, kisha treni ya reli ya kisasa kutoka Syokimau. Treni ya mchana hupita Tsavo, na mara nyingi watoto huona tembo dirishani. Kata tiketi mapema, kwa sababu Desemba Nairobi nzima inaelekea pwani.

Kituo cha treni kiko Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa. Patana nauli na dereva kabla ya kupakia mizigo.

Sasa sikiliza ombi langu: usiende ngomeni siku ya kufika. Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na joto lake ni la upole. Mombasa ina joto lenye unyevu. Jasho halikauki, na mtoto huchoka bila wewe kujua. Mwili unataka angalau siku moja. Siku hiyo nendeni ufukweni, mtoto achovye kidole majini na aonje chumvi. Akikunja uso na kukuuliza nani ameitia, mazungumzo ya bahari yameanza.

Dalili za hatari: mtoto kunyamaza ghafla, kuumwa kichwa, kukosa mkojo kwa saa nyingi. Mpeleke kivulini, mpe maji kidogo kidogo, na akizidi mfikishe kituo cha afya. Homa baada ya safari ipimwe malaria, pwani na mkirudi.

## Hatua ya 5: Langoni

Fikeni mapema asubuhi, lango linapofunguliwa. Saa nne na nusu jua tayari linachoma uani, na vikundi vya shule vimejaa.

Beba pasipoti zenu. Kiingilio hutofautiana kwa raia wa Kenya, mkazi wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali, na watoto hulipa kidogo. Asiye na kitambulisho anaweza kutozwa bei ya mgeni wa mbali. Malipo ya taasisi za serikali ya Kenya siku hizi mengi hupitia simu na mtandao, si noti mkononi. Mganda asiye na laini ya Kenya hukwama hapa. Sajili laini kwa pasipoti mkifika Nairobi, au ulizeni siku moja kabla ni njia zipi nyingine zinazokubalika.

Nje ya lango mtakutana na waongozaji. Mwongozaji mzuri ana thamani kubwa, hasa mzee aliyekulia Mji wa Kale. Muulize kitambulisho chake, mpatane bei na muda, kisha mwambie waziwazi: "Mzee, nina watoto. Naomba vituo vitano tu, na wewe uwaulize maswali." Ukimwachia bila maelekezo atakupa hotuba ya saa mbili, na hiyo si kosa lake, ndivyo watu wazima wanavyotaka.

Wafundishe watoto kusema "Shikamoo" kwa kila mzee watakayemkuta. Nyumbani wengine wamezoea kupiga magoti wakisalimu. Pwani neno hilo linatosha, nalo hufungua milango. Nimeona mlinzi akiwaonyesha wanangu kona ambayo tungeipita, kwa ajili ya shikamoo tu.

## Hatua ya 6: Vituo vitano, si zaidi

Ngome ni kubwa. Ukitaka kuimaliza, itawamaliza watoto. Dakika 15 kila kituo, isipokuwa cha nne ambacho ni dakika tano, na mapumziko ya maji kivulini baada ya kituo cha tatu.

Kituo cha kwanza: ukuta unaotazama bahari. Anzeni hapa kabla jua halijapanda. Mkabidhi mtoto daftari, achore mstari pale maji yalipofika kwenye mawe ya chini, aandike na saa. Kisha muulize, "Ungekuwa adui mwenye merikebu, ungeingilia wapi?" Ataangalia mkondo mwembamba wa bandari ya kale, ataangalia mizinga, na ataelewa mwenyewe kwa nini Wareno walianza kujenga hapa mwaka 1593. Hutahitaji kumweleza.

Tahadhari ni kubwa hapa. Kuna sehemu za juu ambazo kuta ni fupi na chini ni mbali. Mtoto chini ya miaka 7 ashikwe mkono wakati wote, na mizinga haipandwi hata kwa picha.

Kituo cha pili: vitu vya merikebu iliyozama. Ukimudu kituo kimoja tu, kiwe hiki. Santo António de Tanná ilikuwa merikebu ya vita ya Wareno iliyoundwa Bassein, India. Ilizama mwaka 1697 chini ya ngome hii hii, ilipokuja kuwasaidia waliokuwa wamezingirwa na Waomani. Ikalala chini ya maji karibu miaka 280, hadi wapiga mbizi na wanaakiolojia walipoanza kuichimbua mwaka 1977.

Mwambie mtoto, "Tafuta kitu ambacho hata sisi tunacho nyumbani." Ataona mtungi, ataona sahani. Kisha muulize, "Aliyekitumia mara ya mwisho alikuwa anakula nini?" Halafu nyamaza. Usijaze kimya hicho kwa maelezo. Binti yangu alisimama hapo dakika nyingi, kisha akauliza kama watu wa merikebu walijua kuogelea. Sikuwa na jibu, na tulizungumza juu ya swali hilo siku mbili.

Mwenye miaka 10 na kuendelea mpe kazi ngumu zaidi: kwa nini sahani imebaki na nguo za baharia hazikubaki? Udongo uliochomwa hauozi. Kitambaa huoza na kuliwa na viumbe vidogo vya baharini kisipofunikwa na mchanga.

Kituo cha tatu: michoro ya Wareno ukutani. Watu wazima walichora kuta! Kwa mtoto aliyekemewa nyumbani kwa kosa hilo, hii ni habari kubwa. Mabaharia na askari walichora merikebu na majengo, pengine kwa kukumbuka kwao. Mwache mtoto ahesabu milingoti. Asiguse kabisa, kwani mafuta ya vidole huharibu rangi.

Sasa kaeni kivulini, mnywe maji, mle karanga nje ya vyumba.

Kituo cha nne: umbo la ngome. Tafuteni ramani ya jengo. Ukiitazama kutoka juu, ngome ina umbo la mtu aliyelala chali, amenyoosha mikono na miguu. Aliyeichora ni Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Watoto wadogo walale kwenye leso wakijifanya ngome, na wakubwa watafute tumesimama kwenye mkono au mguu. Buruji zilizochomoza pembeni ziliwawezesha askari kumwona adui aliyejibanza ukutani. Hii ni dakika tano, isizidi.

Kituo cha tano: majina ya chombo. Tafuteni mahali mnapoona vyombo vikiwa majini upande wa bandari ya kale. Mfundishe mtoto maneno haya kwa kidole: omo ni mbele, tezi ni nyuma, mlingoti ni nguzo, tanga ni kitambaa cha upepo, nanga ni chuma cha kushikilia, ngama ni sakafu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika. Wengi wetu Uganda tunatumia Kiswahili kila siku bila maneno haya, nasi tunayasikia kwenye methali bila kuyaona: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtoto anayejua ngama iko wapi ameielewa methali hiyo bila mwalimu.

Umefaulu ikiwa: mtoto amekuuliza angalau swali moja usiloweza kulijibu.

## Hatua ya 7: Tokeni wakati bado wanataka kubaki

Muda wa saa mbili kwa wenye miaka 7 na zaidi. Saa moja na robo kwa wadogo. Mkitoka watoto wakinung'unika kwamba mapema, mmepatia.

Nje mtafute kivuli na madafu. Mji wa Kale uko hapo hapo, na barabara ya Ndia Kuu inafaa kutembea taratibu mkitazama milango ya kuchongwa. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, maana watu wanaishi humo. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Siku ya Ijumaa epukeni saa za sala ya adhuhuri.

Msiongeze makumbusho nyingine siku hiyo. Wakiwa na nguvu alasiri, nendeni Likoni mkapande kivuko. Kwa waenda kwa miguu ni bure, na mtoto atasimama kwenye chombo kikubwa chenye magari ndani. Msongamano ni mkubwa saa za kutoka kazini, kwa hiyo vukeni kabla ya saa kumi, mkiwa mmeshikana mikono.

## Hatua ya 8: Rudini kwenye mstari

Jioni ya siku hiyo hiyo, au asubuhi nyingine saa tofauti, simameni pale bahari inapoonekana chini ya ngome, hata kwa nje. Fungueni daftari kwenye ukurasa wa mstari wa kwanza. Mtoto achore mstari mpya na saa mpya.

Mawe aliyoyaona asubuhi hayapo, yamefunikwa. Mwanangu mdogo, ambaye safari ya kwanza alilala begani, alitazama ukurasa, akatazama maji, kisha akaniambia merikebu ile ingekuja saa hizi isingegonga chini. Sijui kama nahodha wa 1697 angekubaliana naye. Tulipofika nyumbani alimwonyesha jaja yake mistari miwili ile, akaanza kumweleza kuanzia kwenye mzinga.